VITU VYA SHABA VINAVYOTOKA UDONGONI: VINATUFUNDISHA NINI?



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza jambo moja lililoanza kwa bangili. Mwenzetu mmoja wa internati alirudi kutoka likizo na habari. Mama yake alikuwa akilima shamba la mihogo kule juu, njia ya kupanda Fizi, na jembe likagonga kitu kigumu. Akafikiri ni jiwe. Kumbe ni bangili nzito, ya kijani sawa sombe. Watoto wa nyumbani wakaisugua kwa mchanga mpaka ikaanza kung'aa nyekundu. Juma lile lile akapita mtu anayenunua vyuma vya kuharibika. Akaiweka kwenye mizani pamoja na sufuria iliyotoboka, akalipa, akaenda zake. Feza ile ilitosha chumvi na sabuni.

Tulipomweleza mwalimu wetu wa historia, hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: «Ilikuwa wapi, na kando yake kulikuwa nini?» Hakuna aliyeweza kujibu. Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute mambo haya na kuyaandika. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka Uingereza na mpaka ziwa Kisale, kiisha tutarudi kwetu Baraka.

1. FARASI ALIYEVAA MAPAMBO

Wengi wetu hatujamwona farasi kwa macho. Tunamjua katika Biblia na katika picha. Lakini hata katika Biblia farasi na ngamia hawaendi bila mapambo. Fungueni Waamuzi 8:21, mtaona Gideoni akichukua mapambo yaliyokuwa shingoni mwa ngamia wa wafalme wa Midiani. Fungueni tena Zakaria 14:20, mtaona kengele za farasi, na kwamba siku moja kengele hizo zitaandikwa maneno matakatifu. Basi desturi ya kumtundikia mnyama vitu vya chuma vinavyong'aa na kulia ni ya zamani sana.

Katika Ulaya, kati ya karne ya 12 na karne ya 15, watu wenye cheo walitundika vipande vidogo vya shaba kwenye mikanda ya farasi: kifuani, kichwani, na nyuma kwenye mgongo. Kipande kimoja ni kidogo, mara nyingi sentimeta 3 mpaka 5 tu. Kinakaa vizuri katika kiganja cha mkono. Kina tundu juu, na kwa tundu lile kinaning'inia kwenye kishikio kilichopigiliwa kwenye ngozi. Farasi akitembea, kinacheza. Jua likipiga, kinang'aa. Mtu aliyesimama mbali anajua kwamba mkubwa anakuja.

Vingi vimetengenezwa kwa umbo la ngao, na juu yake kuna alama: simba, ndege, ua, misalaba, mistari. Tangu karne ya 12 jamaa za wakubwa wa Ulaya zilianza kuwa na alama zao, kila jamaa yake, zikirithiwa na watoto. Simba watatu ni alama ya wafalme wa Uingereza. Kwa hiyo kile kipande kidogo cha shaba kilikuwa kama jina lililoandikwa kwa watu wasiojua kusoma. Lakini tusiharakishe. Si kila farasi mwenye alama ya bwana alikuwa farasi wa bwana mwenyewe. Watumishi wake pia walipanda farasi wenye alama yake. Na mafundi wengine waliweka simba au ua kwa sababu ya uzuri tu.

2. UFUNDI WAKE: SAHANI YA KWENU NA ZEBAKI YA MACHIMBO

Ufundi wa vitu hivi si mgeni kwetu kama tunavyofikiri.

Kwanza, ile rangi. Fundi alichonga mashimo madogo katika shaba, akajaza unga wa kioo chenye rangi, nyekundu au buluu, kiisha akaweka katika moto mpaka unga ukayeyuka na kushika. Je, mmewahi kuona kitu kama hicho? Mmekula ndani yake! Zile sahani na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vilivyojaa katika nyumba zetu, ni chuma kilichofunikwa na kioo kwa moto. Sahani ikianguka, kioo kinatoka kipande, na pale pale kutu inaanza. Ni hivyo hivyo kwa mapambo ya farasi: mengi yanapatikana leo rangi imekwisha kutoka, yamebaki mashimo yake tu.

Pili, ile zahabu. Vingi vya vipande hivi vilipakwa zahabu. Fundi alichanganya zahabu na zebaki, ikawa laini kama uji mzito. Akaupaka juu ya shaba, kiisha akapasha moto. Zebaki ikapaa kwa moshi, zahabu ikabaki imeshika. Wenzetu ambao ndugu zao wanafanya kazi katika machimbo wanajua jambo hili kwa upande mwingine. Katika machimbo mengi ya zahabu duniani watu wanatumia zebaki kukusanya punje ndogo za zahabu, kiisha wanaichoma. Ni kanuni ile ile moja. Na hatari ni ile ile: moshi wa zebaki unaingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo, hauna harufu ya kumwonya mtu. Mafundi wa zamani walilipa uzuri ule kwa afya yao. Mwambie ndugu yako asichome zebaki ndani ya nyumba, wala karibu na watoto na chakula.

Tatu, ule ukijani. Shaba ikikaa miaka mingi udongoni, inashikana na maji, hewa na chumvi za udongo, inavaa ngozi ya kijani. Ngozi hiyo mara nyingi inalinda alama zilizo chini yake. Anayeisugua kwa mchanga anafuta maandishi ambayo udongo uliyatunza miaka mia saba.

3. CHOMBO KINACHOSIKIA CHUMA

Vitu hivi vilipotea namna gani? Mkanda ulikatika, tundu lililika kwa kucheza siku nyingi, farasi akaruka katika msitu wakati wa kuwinda. Vingine vilianguka mjini, vikafagiliwa pamoja na mavi ya farasi, vikapelekwa shambani pamoja na mbolea. Ndiyo maana leo vinapatikana hata katikati ya mashamba, fasi ambapo hakuna njia wala kasri.

Wanaovipata sana si wataalamu bali watu wa kawaida, wanaotembea katika mashamba siku ya mapumziko na chombo mkononi. Kwa Kifaransa tunasema «détecteur», tuseme detekta. Ni fimbo yenye kitu cha mviringo chini, na ndani ya mviringo ule kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaobadilika-badilika ukipita katika waya, unafanya nguvu ya sumaku inayoingia udongoni. Ikikuta chuma, shaba au zahabu, inaamsha umeme mdogo ndani ya kitu kile. Umeme ule nao unafanya sumaku yake, ndogo, inayorudi juu. Chombo kinaisikia na kulia. Ni kama kupiga kelele mbele ya mlima na kusikia sauti yako inarudi.

Mwaka wa 1881 raisi wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa telefoni, alileta chombo cha namna hii ili aitafute risasi mwilini. Hakuipata. Inasemekana chuma cha kitanda kilikivuruga chombo, tena daktari alimruhusu kutafuta upande mmoja tu, ambao haukuwa wenyewe. Garfield alikufa mwezi wa 9 mwaka ule ule. Wakati wa vita ya pili ya dunia, ofisa mmoja wa Polandi, Józef Kosacki, alitengeneza chombo cha kubeba mkononi cha kutafuta mabomu ya kutegwa, na kikatumika El Alamein, Misri, katika 1942. Chombo kile kilifanywa kwa kuokoa miguu ya askari. Mapambo ya farasi yalikuja baadaye.

Waingereza waliona hatari katika michezo hii. Mtu akichimba na kuuza kimya kimya, nchi nzima inapoteza. Na wako wezi wanaokwenda usiku na detekta zao kuiba katika mahali pa historia. Kwa hiyo katika 1996 walifanya sheria juu ya hazina, na katika 1997 wakaanza kazi ya kuandikisha vitu vinavyopatikana na watu wote. Hazina ya kweli, kama zahabu na feza ya zamani, mtu anapaswa kuitangaza katika siku 14. Lakini kipande kimoja cha shaba cha farasi kwa kawaida si hazina kwa sheria. Mtu anakipeleka kwa hiari yake. Ofisa anakipima, anakipiga picha, anaandika kilitoka shamba gani, kiisha mara nyingi anamrudishia mwenyewe. Mpaka leo wamekwisha kuandikisha vitu zaidi ya milioni 1, na kati yake mapambo ya farasi ni maelfu.

Hapo tutazame faida yake. Kipande kimoja kinasema kidogo. Lakini maelfu yakiwekwa juu ya ramani, yanaanza kusema: hapa palikuwa njia, hapa palikuwa soko, hapa wakubwa waliwinda. Kumbe thamani haiko katika shaba peke yake. Iko katika lile neno dogo: wapi.

4. JUU YA NINI SISI HATUNA?

Mwenzetu mmoja aliuliza: «Wazungu walikuwa na farasi, sisi tulikuwa na nini?» Ni swali zuri, na jibu lake linaanza kwa inzi.

Afrika ina farasi tangu zamani: Misri, Ethiopia, na nchi za Sahel kama Borno. Kaskazini mwa Nijeria hata leo siku za sikukuu farasi wanavalishwa nguo, ngozi na madini mpaka jicho linachoka kutazama. Lakini katika nchi zetu za misitu na maziwa kuna inzi tse-tse. Anabeba kijidudu kinachomwua farasi na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na kwa mtu kinaleta ugonjwa wa usingizi. Daktari David Bruce alionyesha jambo hilo la nagana katika nchi ya Wazulu mwaka wa 1895. Basi farasi hawakukosa kufika kwa sababu watu wetu walikosa akili. Walizuiliwa na inzi. Mizigo ilikwenda kichwani, na katika ziwa ilikwenda kwa mtumbwi.

Lakini ile kazi ya mapambo, yaani kusema «huyu ni nani» bila kufungua kinywa, wazee wetu waliijua sana. Babembe na Balega walikuwa na Bwami, chama chenye madaraja. Kofia, simbi, meno ya wanyama, sanamu ndogo za pembe: kila kitu kilionyesha mtu amefika daraja gani. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Balega na Babembe katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba kitu kimoja cha Bwami kinakwenda pamoja na mithali yake na saa yake ya kuonyeshwa. Serikali ya kikoloni ilikataza Bwami, na vitu vingi vikaenda Ulaya na Marekani. Kule vinasimama nyuma ya kioo, vizuri sana, lakini vingi havina mithali yake. Ni sawa na ngao ya farasi bila jina la shamba.

5. MAKABURI YA ZIWA KISALE

Sasa twende kusini-magharibi, kwenye mto Lualaba, katika jimbo linaloitwa leo Haut-Lomami. Huko ni ziwa Kisale, na kando yake ni Sanga. Wataalamu walichimba makaburi ya pale kwa utaratibu: Jacques Nenquin katika 1957, Jean Hiernaux katika 1958, na Pierre de Maret katika 1974. Hawakutumia detekta. Walitumia miiko midogo, brashi, kamba ya kupimia na kalamu.

Walikuta nini? Watu wa karne ya 8 mpaka ya 13 waliozikwa pamoja na vyungu vizuri, bangili na minyororo ya shaba, kengele za chuma, mashoka ya heshima. Fikirini: wakati ule ule mafundi wa Ulaya walipokuwa wakitengeneza mapambo ya farasi, mafundi wa Kisale walikuwa wakivuta waya wa shaba mwembamba na kuusuka. Na pale Kisale hakuna mawe ya shaba. Shaba ilitoka kusini, zaidi ya kilomita 200, katika nchi ya migodi ambayo baadaye, wakati wa Zaire, jimbo lake liliitwa Shaba. Katika makaburi machache walikuta pia simbi na shanga za kioo, maana yake biashara ya mkono kwa mkono ilifika mpaka Bahari ya Hindi.

Tunapenda msikilize vizuri jambo linalofuata, kwa sababu ndilo kiini cha makala hii. Tangu karne ya 14 ilianza kuonekana misalaba midogo ya shaba makaburini. Msalaba huu si wa dini. Ni shaba iliyomwagwa katika umbo la X. De Maret alitazama kila msalaba ulilala wapi juu ya mwili. Akaona kwamba mwanzoni misalaba ilikuwa mikubwa na michache, imewekwa kifuani. Baadaye ikawa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyolingana, imewekwa karibu na mikono au kiunoni. Ya kwanza ilikuwa kitu cha heshima. Ya mwisho ilikuwa feza, ya kuhesabu na kulipa. Basi kwa kutazama fasi ya kila msalaba, tumejua namna watu wa Kongo walivyofika kwenye feza yao wenyewe, kabla ya Mzungu yeyote kufika pale.

Sasa mwaze: kama mtu angefika mbele ya wataalamu, akakusanya misalaba yote katika gunia na kuiuza kwa kilo, tungejua nini? Uzito wake tu.

6. NA HAPA KWETU

Ziwa letu pia lilikuwa njia ya biashara. Mwaka wa 1858 Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapita Ubwari, ile rasi tunayoiona hapa kila asubuhi, wakaenda mpaka Uvira. Hawakufungua njia, walipelekwa na wapiga makasia waliokuwa wakiijua siku nyingi. Katika soko la Ujiji watu walilipa kwa shanga. Kwa hiyo shanga, waya au bangili inayotoka udongoni katika vilima vyetu si ajabu. Ni barua iliyochelewa kufika.

Lakini barua hizi zinapotea, kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mizani ya vyuma vya kuharibika. Hatumlaumu mama yule. Nyumba ilihitaji chumvi.

Njia ya pili ni mtu anayekuja na feza nyingi kidogo na kusema kwamba anapenda vitu vya zamani. Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili, ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, inayolinda mali ya utamaduni. Kutoka 1976 mpaka 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren, na katika miaka ya 1990 vingi vyake viliibiwa Kinshasa. Tangu 2019 kuna Makumbusho ya Taifa mapya kule Kinshasa, na Lubumbashi pia kuna makumbusho. Lakini makumbusho haiwezi kutunza kitu ambacho sisi wenyewe tulikiuza njiani.

Njia ya tatu ni kuchimba ovyo ili kutafuta. Hapa tunasema kwa nguvu: MSICHIMBE. Kwanza, makaburi ni makaburi. Kuna watu wanaoyalilia. Pili, nchi hii ya Fizi imepita katika vita ya 1964 na 1965, tena 1996 na 1997, tena kutoka 1998 mpaka 2003, na hata baadaye bunduki hazikunyamaza kabisa. Mabomu na gurunedi vingine vimelala chini. Detekta haisemi «hii ni bangili». Inalia tu kwamba kuna chuma. Jembe pia halisemi. Kitu cha chuma cha mviringo, au chenye pini, au chenye mabawa kama samaki: usikiguse, usikipige jiwe, usikilete shuleni kumwonyesha mwalimu. Weka alama mbali kidogo, rudi katika njia ile ile uliyokuja, mwambie mkubwa na chifu. Mwanafunzi mwenye vidole kumi ana thamani kuliko historia yote ya udongo.

7. TUFANYE NINI?

Kama jembe limetoa kitu chenyewe, bila wewe kutafuta, na umeona si silaha, fanya hivi:

(a) Simama kwanza. Tazama kando yake: kuna vipande vya chungu? makaa? mifupa? Ukiona mifupa, acha kulima fasi ile na kumwita mzee wa kijiji.

(b) Usisugue, usioshe kwa mchanga, usipinde kuona kama ni shaba ya kweli.

(c) Chukua kartasi, weka kitu juu yake, kizungushie kalamu ili upate ukubwa wake. Mwenye telefoni apige picha, na kando aweke rula au sanduku la kiberiti.

(d) Andika: tarehe, kijiji, shamba la nani, hatua ngapi kutoka mto au mti unaojulikana, na kina chake, kwa mfano «mpaka kwenye goti».

(e) Uliza wazee kama wanajua jina la kitu na jina la zamani la fasi ile. Mara nyingi jina la kilima linahifadhi habari.

(f) Mwambie chifu na mwalimu. Kitu kinaweza kubaki kwa mwenye shamba. Habari yake ibaki katika kaye.

Wengine watasema: hii ni kazi ya wataalamu, sisi watoto wa shule tutafanya nini? Tunajibu kwamba yale maelfu ya mapambo ya farasi yaliletwa na wakulima, madereva na wazee wa pensheni. Mtaalamu anakuja baadaye, lakini hawezi kuja kama hakuna kilichoandikwa.

8. TULIRUDI KWA MAMA

Tumalizie pale tulipoanza. Jumamosi moja tulipewa ruhusa, tukaenda watano pamoja na mwalimu kumsalimia mama wa mwenzetu. Tulimkuta anatwanga. Tulipomweleza sababu, alinyamaza, kiisha akasema: «Banangu, kama mungeniambia mbele, singeiuzisha.» Mwalimu akamjibu kwamba hakuna kosa, tulitaka tu kujua fasi. Mama akacheka: «Fasi? Fasi naikumbuka muzuri! Ni pembeni ya ule muembe wa zamani. Na vipande vya chungu vilikuwaka mingi, na yale mawe meusi ya matundu-matundu, sawa yameungua.»

Akatupeleka. Mawe meusi yalikuwa pale, yametupwa kwenye mpaka wa shamba kwa sababu yanaharibu jembe. Mwalimu aliokota moja, akaligeuza, akasema ni mavi ya chuma, yaani takataka inayobaki mtu akiyeyusha mawe kupata chuma. Maana yake, kwenye kilima kile walikaa mafundi, na moto wao ulikuwa mkali kuliko moto wa jikoni. Wazee wa kijiji waliposikia, mmoja wao alituambia jina la zamani la kilima, ambalo vijana hawalitumii tena.

Hatukuchimba hata kidogo. Tulipima hatua kutoka muembe, tukachora vipande vinne vya chungu vyenye mistari, tukaviacha pale pale. Bangili haiwezi kurudi. Labda sasa ni kipini cha sufuria mahali fulani. Lakini fasi yake iko, na imeandikwa katika kaye ya kikundi chetu cha historia, ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili uko wazi. Mwenye habari atuone saa ya mapumziko, chini ya mti ulio mbele ya ofisi.



Sisi wa kikundi cha historia